Kura ya Chama cha Tatu: Funzo la Uganda



Tarehe 10 Desemba, 1980, wananchi wa nchi jirani ya Uganda walijipanga mbele ya vituo vya kura kuchagua Bunge lao. Ulikuwa ndio uchaguzi mkuu wa kwanza tangu nchi hiyo ijipatie uhuru mwaka 1962. Vyama vinne vilisimamisha wagombea, lakini vilivyokuwa na nguvu nchi nzima vilikuwa viwili tu: Uganda People's Congress, yaani UPC, cha Dakta Milton Obote, na Democratic Party, yaani DP, kilichoongozwa na Ndugu Paul Kawanga Ssemogerere. Chama cha tatu, Uganda Patriotic Movement, yaani UPM, kilikuwa na umri wa miezi michache. Matokeo yalipotangazwa, kilikuwa kimepata kiti kimoja katika Bunge lenye viti 126 vya kuchaguliwa.

Kwa desturi, chama kilichoambulia kiti kimoja husahauliwa kabla ya mwaka kwisha. Chama hiki hakikusahauliwa. Tarehe 6 Februari, 1981, kabla miezi miwili haijatimia, kiongozi wake, Ndugu Yoweri Museveni, aliishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba akiwa na watu wapatao 40 wenye bunduki 27. Miaka mitano baadaye, tarehe 29 Januari, 1986, aliapishwa kuwa Rais wa Uganda.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kura ya chama cha tatu katika nchi yenye vyama viwili vikubwa. Je, kura hiyo ni kura iliyotupwa? Na kama imetupwa, huanguka wapi? Swali hili linawahusu raia wote, lakini linawahusu zaidi askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu katika historia ya Uganda kura ya chama cha tatu ilipokosa pa kukaa ndani ya Bunge, iliishia mlangoni pa kambi.

Kwanza tueleze hesabu yenyewe. Uganda, kama nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza, ilirithi utaratibu wa kugawa nchi katika majimbo, na katika kila jimbo mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama hakufikisha nusu. Chukua jimbo la wapiga kura 1,000. Mgombea wa kwanza akipata kura 400, wa pili 350 na wa tatu 250, wa kwanza huenda Bungeni, ijapokuwa watu 600 walimkataa. Kura 250 za yule wa tatu hazikumpeleka mtu popote. Tena, ikiwa wengi katika hao 250 wangalimpenda wa pili kuliko wa kwanza, basi kwa kumfuata wa tatu wamemsaidia yule wasiyempenda kabisa.

Hapo ndipo linapotoka neno la kila msimu wa uchaguzi kwamba anayempa kura mgombea wa tatu ameitupa. Wenye vyama vikubwa hulipenda sana neno hilo. Hata hivyo, kila mara wako watu wanaopiga kura hiyo wakiwa na akili zao timamu. Mmoja hupiga kwa sababu ana jambo lake ambalo vyama vikubwa havitaki kulibeba. Mwingine amewachoka wote wawili. Wa tatu anajua atashindwa leo, lakini anataka ihesabiwe kwamba yuko. Kwa hiyo kura ya tatu ni namna ya taarifa, na serikali yenye busara huisoma hata kama haikuleta kiti.

Jambo jingine la kuangalia ni mahali wanapoishi wapiga kura wa chama hicho. Chama cha tatu ambacho watu wake wamekusanyika katika eneo moja kinaweza kupata viti vingi kwa kura chache. Chama ambacho watu wake wametawanyika nchi nzima, wachache huku na wachache kule, kitapata kura nyingi na viti haba. Uganda iliviona vyama vya namna zote mbili, na kila kimoja kilikuwa na mwisho wake.

Tuanze na kile cha kwanza. DP kilianzishwa mwaka 1954, na nguvu yake kubwa ilikuwa miongoni mwa Wakatoliki. UPC kiliundwa mwaka 1960, na wengi wa viongozi wake walikuwa Waprotestanti kutoka nje ya Buganda. Katika uchaguzi wa Machi 1961, Baganda walio wengi waligoma kupiga kura kwa kufuata msimamo wa serikali ya Kabaka, na DP kikapata ushindi. Kiongozi wake, Ndugu Benedicto Kiwanuka, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wakati Uganda ilipopewa serikali ya madaraka mwezi Machi 1962.

Lakini mwaka 1961 kilikuwa kimezaliwa chama cha tatu huko Buganda, nacho kikaitwa Kabaka Yekka, maana yake Kabaka peke yake. Jina lilikuwa ndiyo sera. Wafuasi wake walitaka mambo machache: heshima ya kiti cha Kabaka, ardhi ya Buganda na madaraka ya Buganda katika nchi itakayokuwa huru. Katika uchaguzi wa Lukiko, yaani baraza la Buganda, mwezi Februari 1962, Kabaka Yekka kilitwaa viti 65 kati ya 68. Nalo Lukiko ndilo lililopewa haki ya kuteua wajumbe 21 wa Buganda katika Bunge la taifa. Wote 21 wakawa wa Kabaka Yekka.

Uchaguzi wa taifa ulipofanyika mwezi Aprili 1962, UPC kilipata viti 37 na DP viti 24. Hapakuwa na chama kilichoweza kutawala peke yake kwa raha. Kabaka Yekka kikaungana na UPC, Dakta Obote akawa Waziri Mkuu, na tarehe 9 Oktoba, 1962, bendera ya uhuru ikapandishwa. Mwaka uliofuata Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais wa nchi. Hapa hakuna awezaye kusema kwamba kura ya chama cha tatu ilitupwa. Ndiyo iliyoamua nani atatawala.

Ila muungano ule haukuwa na shabaha moja. UPC kilitaka serikali kuu yenye nguvu. Kabaka Yekka kilitaka Buganda yenye nguvu. Kilichowaunganisha ni kumtoa DP. Wabunge wa DP na wa Kabaka Yekka walipoanza kuhamia UPC mmoja mmoja, UPC hakikumhitaji tena mwenzake, na mwaka 1964 muungano ukavunjika. Mwaka huohuo, kura ya maoni iliwarudishia Wanyoro wilaya za Buyaga na Bugangaizi zilizokuwa chini ya Buganda, na uhasama ukazidi. Mwezi Februari 1966 Dakta Obote aliwakamata mawaziri watano na kuisimamisha katiba. Tarehe 24 Mei, 1966, jeshi likiongozwa na Idi Amin liliishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, na huko ndiko alikofia mwaka 1969.

Angalieni, ndugu askari, jinsi mambo yalivyokwenda. Ugomvi ulioanza katika hesabu za Bunge ulikabidhiwa jeshi ulimalize. Na jeshi lililofundishwa mwaka 1966 kumaliza ugomvi wa wanasiasa halikulisahau somo hilo. Tarehe 25 Januari, 1971, aliyetumwa Mengo alijituma mwenyewe, akaipindua serikali iliyokuwa imemtuma.

Msikilizaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Uganda peke yake. Hata hapa kwetu, Zanzibar ya wakati wa ukoloni iliyaona. Katika uchaguzi wa Januari 1961, Afro-Shirazi Party kilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party kilichojulikana kwa jina la Hizbu viti 9, na chama cha tatu, ZPPP, viti 3. Wajumbe hao watatu wakagawanyika: wawili wakaenda Hizbu na mmoja Afro-Shirazi, mizani ikasimama 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, ukafuatwa na fujo zilizoua watu 68. Mwezi Julai 1963 Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu kikapata 12, ZPPP 6, na hao wawili wakaunda serikali. Tarehe 12 Januari, 1964, Mapinduzi yakaanza, na mahali pa kwanza palipovamiwa ni penye silaha za polisi, Ziwani na Mtoni. Sanduku la kura lililoshindwa kuonyesha uzito wa wananchi liliwaachia mzigo polisi wa zamu.

Sasa turudi Uganda, tuutazame mwaka 1980.

Utawala wa Amin uliangushwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, na Kampala ikakombolewa tarehe 11 Aprili, 1979. Gharama ya vita ile askari wetu wanaijua kuliko sisi tunaokaa nyuma ya vipaza sauti. Katika muda wa mwaka mmoja tu Uganda ikapata viongozi wawili, Profesa Yusuf Lule na Ndugu Godfrey Binaisa, na wote wawili wakaondolewa. Mwezi Mei 1980 madaraka yakashikwa na Tume ya Kijeshi. Mwenyekiti wake alikuwa Ndugu Paulo Muwanga, mtu wa UPC. Makamu wake alikuwa Ndugu Museveni, ambaye mwaka huohuo aliongoza kuundwa kwa UPM.

Jambo hili linahitaji kutafakariwa. Tume iliyokuwa juu ya nchi, na juu ya jeshi jipya la Uganda, ndiyo iliyokuwa inaipeleka nchi katika uchaguzi. Na wakuu wake wawili walikuwa wachezaji katika timu mbili zilizokuwa uwanjani. Mwamuzi akivaa jezi, hata akipuliza filimbi kwa haki, nani atamwamini?

UPM kilikuwa chama cha watu waliovichoka vyama vya zamani. Viongozi wake walisema kwamba UPC na DP ndivyo vilivyoigawa nchi kwa dini na kwa kabila, na kwamba Uganda iliyotoka katika mikono ya Amin ilihitaji mwanzo mpya. Hoja hiyo iliwavutia vijana na wasomi. Lakini chama kilikuwa hakijapata muda wa kufika vijijini, nako vijijini ndiko kura ziliko. UPC na DP vilikuwa na miaka ishirini na zaidi ya kujulikana. Baba alikuwa mwanachama, na mtoto alikuwa amekua akilisikia jina la chama nyumbani. Mgeni wa miezi sita hawezi kuing'oa mizizi ya namna hiyo.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa na manung'uniko mengi. Katika majimbo 17 wagombea wa UPC walitangazwa kupita bila kupingwa. Kila chama kiliwekewa sanduku lake katika kituo, badala ya kura zote kuingia katika sanduku moja, na jambo hilo lilipingwa na vyama vingine. Vifaa vilichelewa kufika katika sehemu nyingi, hata upigaji kura ukaendelea siku ya pili. Kisha, hesabu ilipokuwa inaanza kuonyesha kwamba DP kinafanya vizuri, Ndugu Muwanga alitoa amri kwamba hakuna matokeo yatakayotangazwa bila idhini yake, na atakayevunja amri hiyo atatozwa faini au kufungwa. Watazamaji wa Jumuiya ya Madola, pamoja na kuorodhesha kasoro nyingi, walisema kwamba kwa jumla uchaguzi ulikuwa halali. DP hawakukubali, na kwa miaka mingi waliendelea kusema kwamba ushindi wao uliibwa.

Kwa matokeo yaliyotangazwa, UPC na DP vilikaribia kulingana kwa kura, kila kimoja kikiwa na takriban 47 katika kila 100. Lakini kwa viti UPC kilipita 70 na DP kikabaki na 50 hivi. Ni kweli kwamba katika yale majimbo 17 hapakupigwa kura. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa. UPM kilipata takriban kura 4 katika kila 100. Kama viti vingaligawanywa kwa kufuata kura, kingalipata vitano. Kilipata kimoja, cha Dakta Crispus Kiyonga wa Kasese. Chama cha nne, Conservative Party, warithi wa Kabaka Yekka, hakikupata hata kimoja. Na ukizijumlisha kura za DP na za UPM, zinapita nusu ya kura zote zilizopigwa. Kwa hiyo waliosema kwamba UPM kiliwagawa wapinzani wa UPC walikuwa na hesabu ya kuonyesha.

Walakini hesabu hiyo haisemi yote. Katika jimbo la Mbarara Kaskazini, Ndugu Museveni mwenyewe alishindwa, na aliyemshinda hakuwa mtu wa UPC. Alikuwa Ndugu Sam Kutesa wa DP, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya huyohuyo Museveni. Basi si rahisi kudai kwamba UPM kilinyimwa ushindi wa nchi. Kilikuwa kichanga, na watu wake walitawanyika. Hata katika uchaguzi safi kabisa kingalikuwa cha tatu.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kati ya vyama viwili vilivyolalamika, chenye malalamiko makubwa kwa hesabu kilikuwa DP. Lakini DP kiliingia Bungeni, na Ndugu Ssemogerere akakalia kiti cha kiongozi wa upinzani. Kwa nini? DP kilikuwa na wabunge wengi wa kuwalinda, majimbo ya kuyatumikia, na matumaini ya uchaguzi ujao. Viti hivyo vilikuwa nanga iliyokifunga kwenye njia ya sheria. UPM hakikuwa na nanga. Kiongozi wake hakuwa na jimbo wala kiti wala sauti Bungeni. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa vita na vijana waliomwamini. Mtu asiye na cha kupoteza ndani ya nyumba hachelewi kutoka nje. Dosari zilizomwumiza DP zikawa hoja mkononi mwa UPM, na hoja hiyo ikaingia msituni.

Vita vilivyofuata vilidumu miaka mitano. Katika wilaya za Luwero maelfu ya wananchi waliuawa na wengine wengi wakakimbia makwao. Jeshi la Uganda, lililoundwa kwa matumaini baada ya Amin, lilichoka, likagawanyika, na tarehe 27 Julai, 1985, likampindua Dakta Obote kwa mara ya pili. Miezi sita haikupita, wale wa msituni wakaingia Kampala. Na walipoingia, vyama havikupewa uhuru wao. Kwa karibu miaka ishirini vilizuiwa kusimamisha wagombea, hadi kura ya maoni ya Julai 2005 ilipofungua mlango tena. Aliyekuwa amenyimwa nafasi na vyama viwili vikubwa alivifungia nje vyote.

Hatusemi haya ili kumhukumu mtu mmoja na kumsamehe mwingine. Wako Waganda wanaosema kwamba bila vita ile nchi isingeokoka. Wako wanaosema kwamba damu ya Luwero ilikuwa bei kubwa mno. Sisi tunataka kuonyesha kitu kimoja tu. Chama cha tatu kilichokuwa kikubwa mwaka 1962 na chama cha tatu kilichokuwa kidogo mwaka 1980 vilifikia mahali pamoja, yaani mbele ya bunduki. Ukubwa haukuwaokoa Kabaka Yekka. Udogo haukuwafanya UPM kuwa watu wa kupuuzwa. Kilichokosekana mara zote mbili ni mwamuzi anayeaminiwa na wote, wakubwa kwa wadogo.

Na katika kila kituo cha kura, mwamuzi wa kwanza anayeonekana na mwananchi ni askari aliyesimama mlangoni. Mpiga kura wa chama kikubwa haogopi sana, kwa kuwa wenzake wako wengi katika foleni. Yule wa chama cha tatu amesimama peke yake. Wakala wake huenda ni mmoja, naye hana mtu mkubwa wa kumpigia simu. Akizuiwa kuingia kituoni, akifukuzwa wakati wa kuhesabu, akichekwa anapodai kuiona karatasi ya matokeo, hana ngao isipokuwa yule askari na kanuni aliyopewa. Askari akisema, "Huyu ni wa chama cha kura kumi, hana haja ya kukaa hapa," amefanya uamuzi mkubwa kuliko cheo chake. Akisema, "Kaa, uone, utie sahihi," amefanya kazi ya kikosi kizima.

Kulinda kura kumi za mnyonge ni kazi isiyo na tarumbeta, wala hakuna nishani inayotolewa kwa ajili yake. Lakini mtu aliyeziona kura zake kumi zikihesabiwa kumi hurudi nyumbani ameshindwa, akajipange upya kwa uchaguzi ujao. Mtu aliyeona kumi zake zikiandikwa sifuri hurudi nyumbani akiwa na neno moyoni, na hakuna ajuaye neno hilo litamfikisha wapi.

Kwa hiyo kura ya chama cha tatu haitupwi na yule anayeipiga. Yeye ameiweka sandukuni, mahali pake pa halali. Hutupwa na yule asiyeihesabu. Waganda waliilipia tofauti hiyo kwa miaka mitano ya vita, na waliotumwa kwenda kuua na kuuawa katika miaka hiyo, ndugu askari, walikuwa watu waliovaa sare kama zenu.